Mikunga wa Kwa Bibi

Lukenge, Matombo
5 Novemba 2023

Mpwa wangu Yuliana,

Tumsifu Yesu Kristo. Na marahaba, hata kabla hujaniamkia, maana najua utaanza na shikamoo, na kutoka huku hadi Kisaki ni mbali mno kungojea salamu iende na kurudi.

Huku hatujambo. Kuku wa mama yako wamekwisha kwa kideri, amebaki na jogoo mmoja mkorofi ambaye ugonjwa wenyewe ulimwogopa. Mikarafuu imebeba vizuri. Mke wa Innocent mwanangu amejifungua mtoto wa kike, tumemwita Glory. Sikio langu la kulia ndiyo basi tena. La kushoto linasikia kengele ya kanisa na mama yako akigomba. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Siku ile uliponipigia kwenye simu ya Innocent nilidhani tunazungumza, kumbe nilikuwa napiga kelele. Kesho yake watu wa ng'ambo ya bonde wakanipa pole kwa homa yako ya matumbo. Kuna mambo hayafai kusikiwa na bonde zima.

Sasa nina swali, na wewe ndiye mhandisi wetu. Unaijua barabara mpya ya kutoka Matombo kupanda huku, ile waliyochonga kiangazi cha mwaka juzi. Pale inapovuka kijito cha Luhale waliweka kalavati, bomba moja la zege, mkandarasi akaenda zake. Juu kidogo ya hapo ndipo Kwa Bibi, kile kilindi cha ukoo wetu chenye wale samaki, mikunga. Unawakumbuka. Ulikuwa unatupa punje za wali ukingoni, wanatoka chini ya mwamba warefu kama nyoka, wewe unajificha nyuma yangu.

Hawapo. Masika mbili sasa hatujaona hata mkia. Je, mkunga anaweza kupita kwenye bomba? Nauliza tu, nilikuwa nawaza.

Wako mjomba,
Severini


Kambi ya barabara, Kisaki
26 Novemba 2023

Mjomba Severini,

Milele amina. Shikamoo nakuamkia hivyohivyo, utaiweka akiba.

Barua yako ililetwa na dereva wa lori la kokoto, imelowa pembeni lakini inasomeka. Mimi mzima, homa ilishaisha, waambie watu wa ng'ambo. Hapa ni joto na mbu, na treni ya TAZARA ikipita usingizi unakwisha. Mhandisi wetu mkuu, Wilfred, ni mtu mwema ila hapendi maswali kabla ya chai. Nimefurahi kusikia habari za Glory. Mbusu kwa niaba yangu.

Mjomba, hujui umenichokoza nini. Tangu nisome barua yako nimekuwa nikiuliza kila mtu habari za mkunga, na niliyoyapata sijui kama utayaamini. Wale mikunga wa Kwa Bibi hawakuzaliwa Luhale. Walizaliwa baharini, mbali na kilindini kabisa, mahali ambapo wataalamu wenyewe hawajawahi kuwaona wakizaa. Wakiwa wadogo wanabebwa na mikondo hadi Ruvu inapoingia baharini kule Bagamoyo, halafu mvua zikinyesha wanapanda mto. Wanapanda siku baada ya siku mpaka wanaingia vijito vya mlimani kama chetu. Wanakaa huku miaka mingi sana. Wakizeeka wanashuka njia ileile, wanarudi baharini kuzaa, na huko ndiko wanakofia.

Kwa hiyo swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Bomba lenyewe mkunga anaweza kulipita. Ana uwezo hata wa kupanda ukuta ulio wima, mradi uwe umelowa na una mikwaruzo ya kujishikiza. Shida ni mambo mengine, na siyajui mpaka uende ukaniangalizie. Maji yakitoka bombani yanaingia mtoni moja kwa moja au yanadondoka? Kama yanadondoka, ni kutoka kimo gani? Ndani ya bomba kuna mchanga na mawe, au zege tupu? Maji yanapita taratibu au yanakimbia?

Nenda asubuhi mvua ikishanyesha, uvae kitu kizuri usije ukaugua. Mama naye alinipigia, akasema mengi, mengine si ya kuandika leo.

Yuliana


Lukenge
14 Desemba 2023

Yuliana,

Salamu za Majilio. Mama yako hajambo, jogoo hajambo. Katekista ametuambia mwaka huu misa ya usiku wa Krismasi itakuwa mapema kwa sababu watu wanasinzia, na mimi najua ni mimi anayenisema.

Baharini. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Tangu utoto tunaambiwa mikunga wale ni wa Bibi yetu wa kwanza, aliyefika na jembe lake akalima ukingo wa kile kilindi, ndiyo maana shamba lile hupita kwa wanawake wa ukoo na watoto wao. Leo mpwa wangu ananiambia wenyeji wale ni wageni kutoka Bagamoyo. Sikukasirika. Nilikaa tu nikicheka peke yangu mpaka mke wa Innocent akaja kuniangalia kama ni mzima.

Nimekwenda. Nilijifunika mfuko wa mbolea kichwani. Maji hayaingii mtoni moja kwa moja, yanadondoka kutoka mdomo wa bomba, kimo cha kiuno changu. Nadhani walipoliweka lilikuwa sawa na mto, maji yakachimba chini yake mpaka likabaki linaning'inia. Ndani ni zege tupu, hakuna hata jiwe, maji yamekuwa membamba na yanateleza kwa kasi.

Sasa sikiliza. Pale chini, kwenye ukuta ulioshikilia bomba, kulikuwa na vitu vyeusi vyembamba, urefu wa kidole. Nilidhani mizizi. Nikainama, nikaona vina macho. Yuliana, vilikuwa vinapanda. Vinajibandika kwa tumbo kwenye zege lililolowa, vinajivuta, vinapumzika, vinajivuta tena. Vikifika kwenye mdomo wa bomba, pale zege linapojitokeza nje kama kibaraza, vinakosa pa kushika na kudondoka majini. Halafu vinaanza upya. Nilijikuta navisemesha. Kuna kimoja nilikiambia, pita kushoto baba, pita kushoto. Uji wangu nyumbani ulipoa ukawa gundi.

Kwa hiyo wapo na wanataka kuja. Je, ukiniandikia haya kwa herufi kubwa, kwa maneno ya kitaalamu lakini yaeleweke, mtu kama mzee Agustino anaweza kuyakubali? Nauliza tu.

Severini


Kisaki
9 Januari 2024

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Krismasi tulichinja mbuzi hapa kambini, Wilfred akaimba, tukajuta.

Barua yako niliwasomea wenzangu kwa sauti. Nilipofika "pita kushoto baba" hata Wilfred aliweka kikombe chini. Umeona kitu ambacho mimi nimekisoma tu kwenye vitabu.

Nadhani ilikuwa hivi. Mikunga wakubwa wa Kwa Bibi, wakati wao ulipofika, walishuka kwenda baharini kama kawaida. Kushuka bomba haliwazuii, wanadondoka tu na maji. Zamani waliposhuka wazee, vijana walikuwa wanapanda kushika nafasi. Sasa vijana wanaishia chini ya mdomo. Kilindi kimekuwa kinapungua watu bila kuongezeka, mpaka kimekwisha. Hakuna aliyewafukuza.

Ningekuwa mimi nimelijenga, ningeweka bomba pana kama mto wenyewe, na tumbo lake ningelizamisha chini ya kitanda cha mto ili mchanga na changarawe vijae ndani. Samaki akipita asijue kama amepita chini ya barabara. Lakini limeshajengwa. Jaribu hivi: panga mawe makubwa chini ya mdomo, kama ngazi, ili maji yapande mpaka yafikie bomba.

Sasa na mimi nauliza tu. Umeomba niandike kwa herufi kubwa asome mzee Agustino. Mndewa wetu, mkuu wa ukoo, tangu lini ana shughuli na makalavati? Mama alinipigia tena. Anataka nije Pasaka nikabidhiwe shamba la Kwa Bibi mbele ya ukoo. Nikamwambia shamba lile si analima Innocent? Akasema salio limekwisha. Wewe unaniandikia habari za bomba, yeye ananiambia habari za shamba, na ni mahali palepale. Kuna nini, mjomba?

Yuliana


Kisaki
18 Februari 2024

Mjomba Severini,

Shikamoo. Nimengoja jibu lako hadi nimeanza kumsumbua kila dereva anayeshuka kutoka Matombo. Wanasema umeonekana kanisani, kwa hiyo u mzima na umeamua tu kuninyamazia.

Kama nimekukosea, nimekukosea kwa kuuliza, na wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza mvua inakaa wapi kiangazi, ukanipeleka msituni tukafukua majani makavu kuangalia unyevu.

Nimefikiri pia kuhusu mawe. Naogopa mvua za mwaka huu zitayachukua. Yakichukuliwa, tafuta kamba nene ya mkonge, ile yenye nyuzinyuzi, uifumue kidogo. Funga ncha moja kwenye mti upande wa juu, uipitishe ndani ya bomba hadi itoke na kuning'inia kwenye maji ya chini. Ikishalowa, wadogo wanaweza kuipanda. Nimesikia wameshafanya hivyo nchi nyingine na mikunga wakapita. Sijaona kwa macho yangu, nakwambia nilichosikia.

Niandikie hata mstari mmoja.

Yuliana


Lukenge
6 Machi 2024

Yuliana,

Nilikuwa nimekasirika, na bado, ila kwako wewe hasira imepungua.

Wazima wote. Jogoo amekufa.

Umeuliza kuna nini. Kiangazi kile barabara ilipochongwa, ndicho kiangazi nilichompa Innocent shamba la Kwa Bibi alime. Mama yake alikuwa amefariki, ameoa, hana pa kuweka jembe. Kwa kawaida yetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo Innocent kwao ni Mlali kwa wajomba zake, na huko ardhi waliigawana ikaisha kabla hajazaliwa. Nilijua shamba lile si langu kumpa. Ni la mama yako na baada yake ni lako. Nikasema atalima tu, nani ataumia? Masika iliyofuata mikunga hawakuonekana. Masika ya pili pia. Agustino na wazee wakakaa, wakasema Bibi amekasirika, shamba limetoka nje ya damu na mikunga wake wameondoka. Mama yako hakusema neno baya, alisema tu kwamba binti yake yupo hai na ana haki yake. Innocent akapewa mpaka Pasaka.

Ningekwambia nini? Anayeliwania shamba ni wewe, hata kama hujui kwamba unaliwania. Ningekueleza ungenijibu kwa huruma au kwa tamaa. Sikutaka kimojawapo. Nilitaka unijibu kuhusu bomba.

Innocent hakungoja Pasaka. Ijumaa iliyopita amefunga mizigo, amemchukua mke na mtoto wameshuka Mlali. Atafanya vibarua kwenye nyanya za watu. Alisema hataki kukaa mahali ambapo akikohoa watu wanatazama mto. Glory alikuwa ameanza kunivuta ndevu. Nyumba iko kimya, na safari hii si kwa ajili ya masikio yangu.

Mawe yako yalikwenda na maji wiki ileile niliyoyapanga, uliogopa sawasawa. Barua yako ya kamba niliipata Jumamosi, siku moja baada ya Innocent kuondoka. Kamba nilinunua kwa mtu aliyekuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge ya Ngerengere, ni nene kama mkono wa mtoto. Jumapili baada ya misa nikaifunga kwenye mti wa mgude upande wa juu na kuipitisha bombani. Wapita njia waliniuliza namfunga mbuzi gani mle ndani. Sijui kwa nini niliifunga. Kama umechelewa kutibu, mgonjwa akishazikwa dawa unampa nani? Lakini nilitaka kujua tu kama watapanda.

Severini


Lukenge
21 Aprili 2024

Yuliana mwanangu,

Kristo amefufuka. Najua barabara ya kwenu ilikatika na Pasaka hukuweza kuja, kwa hiyo wazee wameahirisha kukukabidhi shamba. Mama yako anakusalimu, amenunua tetea wawili.

Wamepanda. Nimewaona kwa macho yangu wakiifuata ile kamba, wamejisokota ndani ya nyuzi kama uzi ndani ya mshono, mmoja nyuma ya mwingine. Wengine wanapumzika katikati ya bomba, maji yanawapita juu. Jumanne nikaenda Kwa Bibi na punje za wali. Nilichuchumaa mpaka magoti yakalia. Chini ya mwamba akatoka mmoja, mdogo, akaonja, akarudi. Halafu wakatoka wengine. Nilikaa pale nikalia, nakwambia ukweli.

Kosa langu ni kwamba niliwaita watu. Nilidhani nawaita waone kamba. Agustino alikuja, mama yako akaja, nusu ya ukoo ikaja na watani wao. Wakatazama kilindi, wakaona mikunga wadogo, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama bomba. Agustino alivua kofia. Akasema, mmeona? Mgeni ametoka, wenyeji wamerudi. Wanawake wakapiga vigelegele, hata mimi nikavisikia.

Nikawaonyesha kamba. Mtani mmoja akasema Severini ametega mtego wa panya wa majini, watu wakacheka hadi wakakaa chini. Nikawasomea barua yako ya mambo ya bahari. Agustino akanipiga begani kwa upole. Anadhani nina majonzi ya mtoto.

Fikiria, Yuliana. Nilitafuta ushahidi wa kumrudisha, nikaupata, na ndio uliomfungia mlango. Sina swali tena. Nimechoka.

Severini


Kisaki
12 Mei 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole. Barua yako niliipata jana, leo nimeomba ruhusa ya kutokwenda kazini ili niandike hii kwa akili iliyotulia.

Kwanza nikueleze kosa lilipo, maana kosa lipo na si la Agustino. Mtu akiumwa tumbo, akanywa dawa ya hospitali na ya mwarobaini siku moja, akapona, nani atajua kilichomponya? Daktari atasema ni yake, na mwenye mwarobaini atasema ni yake. Innocent aliondoka Ijumaa, wewe ukafunga kamba Jumapili. Ningekuwa mzee wa ukoo ningesema kama Agustino. Njia ya kujua ni moja, kirudi kimoja kati ya vitu vile viwili, kingine kisiguswe. Kamba ibaki, Innocent arudi. Tuwaangalie mikunga.

Na wa kumrudisha yupo. Hapa chini nimeandika ukurasa mwingine, kwa herufi kubwa kama ulivyoomba. Usiusome wewe, watasema umeutunga. Mpe katekista ausome mbele ya ukoo, mama akiwepo.

*

KWA MZEE AGUSTINO, MNDEWA WETU, NA UKOO WOTE.

SHIKAMOONI. NIMESIKIA MNATAKA KUNIPA SHAMBA LA KWA BIBI. NIMELIPOKEA, NA NAWASHUKURU.

SASA NASEMA KAMA MWENYE SHAMBA. MIMI NIPO KISAKI NA SITALIMA. NAMTAKA INNOCENT ALIME KWA RUHUSA YANGU, YEYE NA MKEWE. MKINIULIZA KWA NINI YEYE, NITAWAKUMBUSHA. MIMI NA INNOCENT TULIFAULU DARASA LA SABA MWAKA MMOJA. KARAFUU ZA MJOMBA ZILITOSHA KUSOMESHA MTOTO MMOJA. KAWAIDA YETU INASEMA MJOMBA AMTAZAME MTOTO WA DADA YAKE, NA MJOMBA WANGU ALIIFUATA. INNOCENT NDIYE ALIYENIBEBEA SANDUKU KICHWANI HADI MATOMBO NILIPOKWENDA SHULE, HALAFU AKARUDI KULIMA. HAKUNA HATA MMOJA WETU ALIYESEMA KWAMBA BIBI ALIKASIRIKA SIKU ILE.

KAMBA ILIYO BOMBANI ISIGUSWE. INNOCENT AKILIMA NA MIKUNGA WAKAONDOKA, NITAKUJA MWENYEWE KULICHUKUA SHAMBA NA NITAOMBA RADHI. WAKIBAKI, MTAJUA WENYEWE LA KUSEMA.

YULIANA, BINTI WA CATHERINE

*

Mjomba, hayo ya shule sijawahi kukwambia, na wewe hujawahi kuniambia. Nilikuwa nayajua. Kila nilipofaulu mtihani nilikuwa nayajua.

Habari ndogo ya kazi: kuna kijito hapa kitavushwa kwa kalavati mwezi ujao. Nimemwomba Wilfred tulizamishe. Akasema samaki hawalipi kodi ya barabara. Nikamsomea tena ile barua yako ya Desemba. Ameufuta mchoro wa zamani.

Yuliana


Lukenge
16 Juni 2024

Yuliana,

Huku baridi imeingia, asubuhi mlima hauonekani. Mama yako hajambo, tetea wake wanataga.

Ukurasa wako umesomwa. Tulikaa uwanjani kwa Agustino, katekista akasoma kwa sauti yake ya Ijumaa Kuu, na mimi nilikuwa naangalia nyuso maana maneno nilikuwa nayajua. Alipofika kwenye sanduku, watu waliacha kutafuna. Alipomaliza, mama yako akasimama akasema neno. Unajua dada yangu akisema namsikia hata kama nimelala. Safari hii sikusikia. Alisema polepole, na mimi sijawahi kumwona akisema polepole tangu tuzaliwe. Ilibidi Agustino anipigie kelele sikioni: amesema, "Huyo mtoto aliyebeba sanduku, nani hapa alimwuliza?" Basi, akakaa.

Agustino akasema mwenye shamba ameshasema, ukoo hauna neno, ila mikunga ndio watakaoamua. Watani wakamwambia sasa amepata baraza la wazee ambao angalau hawasinzii. Alicheka pia.

Kesho yake mama yako alishuka Mlali mwenyewe. Hakutuma mtu. Alirudi na Innocent na mkewe, Glory amembeba yeye mgongoni, na hakutaka mtu amsaidie.

Wamelima, wamepanda. Mpaka leo mikunga wapo, na wameanza kunenepa. Agustino hupita mara kwa mara, anasema ni mapema mno kusema. Ni kweli, ni mapema, na mimi namwambia hivyohivyo. Lakini juzi nimemkuta bombani ameinama, anaangalia ndani.

Mimi ni mjomba mzuri, Yuliana, hilo hakuna anayebisha. Hilo lingine, la ubaba, najifunza uzeeni. Innocent ameomba nimwachie nafasi hapa chini.

Severini

*

Dada Yuliana,

Shikamoo huipati, tumelingana.

Nimerudi. Wananiambia nalima kwa hisani yako, na mimi naitikia. Nikwambie kweli, sikufurahi niliposikia umetangaza mbele za watu kwamba nilifaulu. Jambo hilo nilikuwa nimeshalizika. Mke wangu hakujua. Aliniuliza kwa nini sikumwambia miaka yote hii. Sasa ananitazama tofauti na sijui kama napenda au sipendi.

Kila siku nikiamka napita bombani kwanza, natoa majani na matawi yaliyonasa, naangalia kamba kama haijaoza, halafu ndiyo naenda shambani. Mikunga wakiondoka na mimi naondoka, kwa hiyo nimekuwa mchungaji wao. Nimeona kwamba kamba imeanza kulika kwenye mdomo wa bomba, nimefunga ya pili pembeni kabla ya kwanza haijakatika. Kama nimekosea niambie.

Jana kulikuwa na mmoja katikati ya bomba, hapandi hashuki. Nilichuchumaa kumwangalia mpaka jua likawa kali. Sikujua kama amechoka au anafikiri. Nikageuka kidogo kumwita mke wangu, nilipotazama tena hayupo, ameshapita.

Nina swali. Nimemwuliza baba, hajui. Kutoka baharini mpaka hapa kuna vilindi vingi, vingine vizuri kuliko hiki. Wanajuaje kwamba wamefika?

Ukijibu, usimwandikie baba, andika jina langu juu ya bahasha. Nasoma vizuri tu.

Innocent